Jibini la Dada Eustolia na Daftari Langu la Joto

Boyle Heights,
Los Angeles.
Alhamisi, 26 Machi.

Mpendwa Dada Eustolia,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na shemeji Abundio. Mguu wako wa kushoto umepungua kuvimba, au bado unaufunga majani na kuukataza usiseme? Shemeji naye macho yake vipi tangu alipofanyiwa upasuaji? Mwambie asiyasugue. Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakaribia kuzaa, natumaini amezaa salama na ndama amesimama siku ile ile.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja aliye kitandani, nawe unamjua.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tarehe kumi na tisa ulinikatia, juzi Jumanne ukanikatia tena, na mara zote mbili sikuwa nimefika hata nusu ya niliyotaka kusema. Mzee Fulgencio anaondoka kesho asubuhi na gari lake la mizigo. Nimemwomba asikukabidhi barua hii mbele ya watu, maana najua utaisoma umesimama.

Naanza na unalolitaka. Mwanao Brígida hana homa tangu Jumatatu jioni. Leo asubuhi joto lake lilikuwa 36.8. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga mara 148 kwa dakika. Nimeuangalia kwenye mashine mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Mimba ina wiki thelathini na moja na siku nne. Dawa inaingia mshipani kila baada ya saa nne na bado siku kumi. Daktari anasema kila siku ambayo mtoto anabaki tumboni ni faida, lakini hasemi kwamba hatari imekwisha. Nimemuuliza mara tatu kwa njia tatu na mara zote amenijibu, "Tungoje." Mimi si mtu wa kungoja, unanijua. Tangu saa mbili nimeshuka na kupanda ngazi za hospitali hii mpaka mlinzi ameanza kunisalimu kwa jina.

Mkwe wako Rosendo analala kwenye kiti pembeni mwa kitanda. Akitoka kwenye kazi ya kuezeka mapaa anakuja na lami kwenye viatu, manesi wanamfukuza, anavivua mlangoni, anaingia na soksi. Una mkwe mwema. Ukimpigia, mwambie hivyo, maana mimi nimeshamgombeza mno wiki hii.

Sasa niseme linalonichoma. Maneno yako ya sokoni yamenifikia kwa watu watatu, na kila mmoja ameyatia chumvi yake. Kwamba Hermelinda aliondoka hapo na nguo za kuvaa tu, leo ana lori la kuuzia chakula, amejisahau, amempeleka dada yake serikalini ili aiokoe herufi ya usafi iliyobandikwa dirishani pake. Kwamba nimeiuza damu yangu kwa herufi A.

Herufi hiyo sikuiokota, dada. Miaka minne niliuza tamale za unga wa mahindi kutoka kwenye toroli la dukani, ndoo imefunikwa blanketi, nikikimbia kila nilipoona gari la idara ya afya. Mara mbili walinikamata, wakazimwagia tamale zangu klorini mbele ya wateja ili zisiliwe. Mia moja na ishirini mara ya kwanza, tisini na sita mara ya pili. Nilizihesabu zikiwa zinageuka nyeupe kwenye pipa. Siku ile niliapa kwamba atakayenikagua tena atatafuta kosa mpaka achoke. Nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata lori. Kwa miaka saba dirisha langu halijawahi kuwa na B. Ukaguzi wa mwisho nilipata alama 97 kati ya mia, na zile tatu zilipotea kwa sababu ya kopo la pilipili lililokuwa sakafuni.

Muulize yeyote aliyefanya kazi kwangu. Nina sinki tatu za vyombo na ya nne ni ya mikono tu. Ole wako uoshee ndimu humo. Anayeshika pesa hashiki chakula. Ukigusa nywele, osha. Ukigusa simu, osha. Nicanor, yule mpishi wangu wa Guerrero niliyekusimulia habari zake, huniambia mbele ya wateja, "Bosi, mikono yangu imeoshwa mpaka mistari ya bahati imefutika. Nikienda kwa mpiga ramli atasema sijazaliwa." Wateja wanacheka, naye ananawa. Mimi nahesabu ishirini kwa sauti.

Ndiyo maana jambo hili linaniwasha mwili mzima. Ugonjwa umekwepa kote nilikoziba, ukaingia kwa mlango nilioufungua mwenyewe.

Unakumbuka Februari, mwanao alipokuambia kwenye simu kwamba analiota jibini lako usingizini. Alilia kweli, dada, nilikuwepo. Hakuna aliyetaka mtoto azaliwe na alama usoni kwa sababu mama yake alinyimwa alichotamani. Wewe ukakamua, ukagandisha, ukafunga kwenye majani kama mama alivyotufundisha. Mzee Fulgencio akaja na majibini kumi, la Brígida na tisa ya watu wengine wa kwetu waliokuagiza. Siku tatu njiani kwenye sanduku la barafu. Yalifika Jumatano, tarehe ishirini na tano Februari, wiki ya kwanza ya Kwaresima.

Sheria ya huku inasema chakula kilichotengenezwa nyumbani kisiingie katika gari la biashara, hata kama ni cha mfanyakazi. Brígida anaijua, mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini chumba chao hakina friji ya maana, na yeye anashinda dirishani kwangu akiuza kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili, miguu imevimba kama mitungi. Akaliweka jibini lake kwenye friji ya gari, nyuma kabisa, rafu ya chini. Nililiona jioni ile ile. Nikasogeza sanduku la ndimu mbele yake lisionekane, nikanyamaza. Mchana akipumzika alikuwa anakata kipande, Nicanor anampashia chapati ya mahindi, anakula amefumba macho. Ningemnyang'anyaje?

Tarehe kumi na mbili Machi homa ikamshika. Tulidhani mafua. Tarehe kumi na tano mgongo ukaanza kumkaza kama uchungu wa kuzaa, tukamkimbiza hospitali. Jumanne wakapata kijidudu kwenye damu yake. Jina lake ni listeria. Mimi na wewe kingetuumiza tumbo siku mbili. Kwa mwenye mimba kinapita kimya kimya kwenda kumtafuta mtoto.

Kesho yake akaja mama mmoja wa idara ya afya, Bi Nakashima, mfupi, mpole, anazungumza lugha yetu taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akaketi kitandani kwa Brígida na karatasi sita. Mwezi mzima umekula nini, wapi, siku gani. Brígida akataja kila kitu mpaka maembe ya makopo. Bi Nakashima akamuuliza, "Jibini je? La nyumbani, la kuletewa?"

Mwanao akamtazama machoni akasema, "Hapana. Sipendi jibini."

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Bi Nakashima alipotoka nikamwuliza kulikoni.

"Mama mdogo," akaniambia, "nikisema, wataandika jina la mama. Anauza kila Jumamosi. Watu wa kule wakisikia, nani atanunua kwake tena?"

"Wewe umelala na sindano mkononi unawaza wateja wa Jumamosi?"

"Wewe je, huwazi wateja wako?"

Nikashuka ngazi, nikapanda. Siku ile nilipiga deki gari zima mara mbili, nikachemsha visu, nikatupa mbao za kukatia zilizokuwa nzima kabisa. Nicanor akasema, "Bosi, ukimaliza hapo uje unisugue na mimi." Sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu, na hesabu ilikuwa moja tu: kumi kutoa moja ni tisa. Majibini tisa ya mzigo ule ule yalikuwa katika nyumba tisa. Niliwapitia wote kichwani mpaka nikafika kwa mke wa kinyozi, yule binti wa Tlacolula, ambaye mimba yake ina miezi minne.

Kulipokucha nikampigia Bi Nakashima. Nilimweleza kuhusu jibini, jina lako, jina la Mzee Fulgencio na nyumba zote tisa. Alizizunguka siku ile ile. Mke wa kinyozi alikuwa ameliweka lake kwenye friji wiki zote hizo bila kuligusa, akisubiri Ijumaa apike pilipili za kujaza jibini kwa ajili ya mfungo. Bi Nakashima alipobisha lilikuwa mezani kwake, dada, amekwisha kulifungua. Sikuifikiria herufi A hata kidogo nilipoishika ile simu. Nilimfikiria yeye na kisu chake.

Jioni nikakueleza wewe, ukakata.

Juzi Jumanne majibu ya maabara yakatoka. Kijidudu kilichomo katika jibini ndicho kilichomo katika damu ya mwanao, wamevilinganisha. Jibini la pakiti tunalowauzia wateja lilikuwa safi. Nikakupigia, ukaniambia, "Nimelila jibini hilo kwa mimba saba na watoto wangu wote wamesimama." Ukakata tena.

Dada, nisamehe kwa haya, sitayarudia tena. Mimba zako zilikuwa tisa. Mimi ndiye niliyekushika mkono katika zile mbili tusizozitaja. Sisemi ni jibini. Sijui, wala hakuna atakayejua. Ila ukihesabu, hesabu wote.

Sikuambii uache kutengeneza. Nani atakaa hapo Los Sabinos asile jibini lako? Nakuambia upashe maziwa kwanza. Ndani ya furushi linalokuja na barua hii utakuta kipimajoto kirefu cha chuma. Kichomeke kwenye sufuria mpaka kionyeshe nyuzi 63, kisha punguza moto ukishikilie hapo kwa nusu saa, ukikoroga. Nusu saa ya saa, si nusu saa ya kusali rozari, maana wewe rozari unaikimbiza. Yaache yapoe, ndipo utie dawa ya kugandisha. Najua utasema ladha inapotea. Inapungua kidogo, nimejaribu kwa maziwa ya huku. Tia chumvi kijiko kimoja zaidi. Na kitambaa cha kukamulia kichemshwe kila siku, kisianikwe tu juani.

Ningeweza kuishia hapo, dada, na ningekuwa nimeshinda. Jibini lilikuwa lako na ugonjwa ulitoka kwenye jibini. Bi Nakashima naye alikwisha kupitia gari langu kona kwa kona, akafungua daftari la joto, akaona friji yangu haijawahi kupita nyuzi tano tangu Januari. Akasema, "Daftari zuri sana hili." Angefunga faili, nami kesho yake ningefungua dirisha kama kawaida, wiki mbili za mwisho za Kwaresima zikiwa mbele yangu.

Juzi jioni, baada ya kunikatia, nilikwenda yadi tunakolaza magari. Sikuwa na kazi huko. Nilikuwa nasugua tu, mikono ikitaka kitu cha kufanya. Chini ya kiti cha dereva nikakuta risiti ya fundi. Alternata mpya, ile mashine ya kuchaji betri, gari limeingia saa mbili asubuhi, limetoka saa kumi na moja jioni. Tarehe ishirini na sita Februari.

Nikaketi kwenye ngazi ya gari. Alhamisi ile hatukuuza. Gari lilishinda kwa fundi, umeme umezimwa, na jua la siku ile watu walikuwa wamevua makoti. Saa tisa nzima, dada. Tulihamisha nyama, tukahamisha jibini la pakiti na vitunguu, vyote nikavipeleka kwenye friji kubwa ya yadi kwa sababu nilivihesabu kwenye orodha. Jibini la Brígida halikuwa kwenye orodha. Lilibaki nyuma ya ndimu.

Nikafungua daftari. Alhamisi, 26 Februari: asubuhi nyuzi 4, mchana 5, jioni 4. Kwa mwandiko wangu.

Nikuambie jinsi tunavyofanya, na si mimi peke yangu, ingia yadi yoyote. Daftari la joto linajazwa Jumatatu asubuhi, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kahawa mkono huu, kalamu mkono ule. Nne, tano, nne, nne, tano. Mimi nilikuwa najiona hodari kwa kuzichanganya zisifanane. Wenzangu wanaandika nne tupu mpaka chini, nikiwacheka. Mimi niliyemhesabia Nicanor ishirini ya kunawa kila siku ya Mungu, kipimajoto cha friji yangu sikukitazama mara tatu kwa mwezi.

Nikampigia Bi Nakashima nikamwuliza, kama mtu anayeulizia habari za jirani: jibini lenye kijidudu likikaa saa tisa kwenye joto, inakuwaje?

"Vichache vinakuwa vingi," akasema. "Vichache pengine mwili ungevimaliza. Vingi, hapana. Kwa nini unauliza, señora?"

Nikamwambia nitakuja.

Jana asubuhi nilikwenda ofisini kwake na risiti na daftari. Nicanor alinisindikiza mpaka mlangoni akinisihi njia nzima. "Bosi, hiyo karatasi imeze tu. Itafune na maji. Nani atakuuliza?" Nikamjibu hakuna. Akasema, "Sasa?" Nikaingia.

Bi Nakashima alisoma, akavua miwani. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alichukua fomu mpya akaanza kuandika upya tangu mwanzo. Herufi A imebanduliwa jana saa nane mchana. Gari limefungwa mpaka tarehe kumi na nne Aprili, nitakaposikilizwa. Pasaka yote imekwenda. Nicanor ameazimwa kwenye gari la binamu yake, na kesho Ijumaa wateja wetu watakuta kona tupu. Sikuambii haya unihurumie. Nitasimama tena, hata wakinipa C nitaanza na C.

Nakuambia kwa sababu ulisema nimeliandikisha jina lako kwenye kitabu cha serikali. Ni kweli, limo, siwezi kulifuta. Lakini nakala ya fomu nimeitia kwenye bahasha hii. Mwombe shemeji miwani uisome. Mstari wa kwanza: Hermelinda, mwenye gari, chakula cha nyumbani kilichofichwa, friji iliyozimwa kwa saa tisa, daftari lililojazwa kabla ya siku zake. Mstari wa pili ndio wewe. Maisha yetu yote umetangulia wewe, kanisani, kisimani, kwenye kuolewa. Hapa nimetangulia mimi.

Na sasa ombi langu, moja tu. Brígida haulizi tena habari za dawa wala za mtoto. Anaweka simu kifuani. Ikilia anaitazama, kisha anailaza kifudifudi. Jana nimemwambia yote kuhusu risiti, nikadhani atanitukana. Aliniuliza tu, "Mama anajua kwamba mimi sikusema?" Anaamini hujampigia kwa sababu amekuchafulia jina, wakati yeye ndiye aliyelificha jina lako akiwa na homa ya nyuzi arobaini. Chakula anakirudisha kama kilivyoletwa. Daktari anataka ale, mtoto aongeze uzito. Kila gramu mia sasa hivi ni kitu. Mimi nimembembeleza, Rosendo amembembeleza. Anachongoja kwetu hakipo.

Kwa hiyo, dada, ukifika hapa, usimalize barua kwanza. Saa zenu zimetangulia zetu kwa saa moja tu sasa. Yeye yuko macho kuanzia saa moja asubuhi. Usinipigie mimi. Hasira zako kwangu ziweke, tutazimaliza siku nyingine tukiwa tumekaa. Mpigie yeye. Huna haja ya kusema mengi. Mwambie ale.

Nisalimie shemeji Abundio, mama mkwe wako Doña Herculana, kaka Melquíades na wanawe, na mjane wa mwalimu hapo ng'ambo ya kijito. Wale watu watatu wa sokoni nao wasalimie, uwaambie chumvi yao imenifikia. Bikira wa Upweke awafunike nyote kwa joho lake, na amshikilie mjukuu wako alipo, asitoke kabla ya siku yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hermelinda